Mizani na povu la sabuni: uzoefu wangu wa kujaza gesi Mbeya

Malalamiko ya gesi hapa Mbeya ni yaleyale, uwe Uyole au uwe Iyunga: mtungi unaisha haraka, wakala mwizi, bora turudi kwenye mkaa. Nimeyasikia saluni, nimeyasikia kwenye bajaji, na kwenye kikoba chetu hakipiti kikao bila mtu kuyaleta. Mimi napikia watu sita nyumbani, na alfajiri nachoma maandazi ya kuuza, kwa hiyo gesi kwangu inaingia kwenye hesabu za biashara. Nimejaza kwa mawakala mbalimbali wa hapa mjini, na sasa nimetulia kwenye duka moja upande wa Mwanjelwa. Jina silitaji kwa sababu hili si tangazo. Nataka kueleza wanavyonihudumia, ili hata wewe uliye Ilomba, Mafinga au Makambako ujue cha kudai kwa wakala wako.

Ukifika pale, kijana anapokea mtungi wako na kuuweka kwenye mizani kabla hata hujatoa hela. Anasoma uzito, anauandika. Halafu anashusha mtungi uliojaa, anauweka palepale kwenye mizani, anageuza ili namba ikuelekee wewe. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Ndivyo wanavyofanya kwa kila mteja, hata yule aliyekuja na mtungi mdogo wa kilo tatu.

Wengi wetu tunatazama tu kama mtungi ni wa kilo sita au kumi na tano, basi. Lakini chuma chenyewe kina uzito, na uzito huo umegongwa au umeandikwa kwa rangi kwenye mtungi, mara nyingi kwenye ile kola ya bati inayozunguka koki. Wa kwangu wa kilo sita uliandikwa 7.4. Ukijumlisha na gesi kilo 6, mizani isome 13.4. Ikisoma 12.6, kuna grami 800 ambazo umelipia na hukupewa. Na usijidanganye kwa kulinganisha mitungi miwili kwa kuinyanyua. Mitungi ya rangi moja na kampuni moja inaweza kutofautiana uzito wa chuma, kwa hiyo ulio mzito mkononi si lazima ndio wenye gesi nyingi. Soma namba ya mtungi unaoondoka nao, si ya ule ulioleta.

Wakala wangu wa zamani, jirani kabisa na nyumbani, hakuwa na mizani. Ukimuuliza anaunyanyua mtungi kwa mkono mmoja, anautikisa karibu na sikio lako: "Sikiliza mwenyewe mama, umejaa huu." Nitasikia nini mimi? EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, wamekuwa wakiwakumbusha wauzaji wa gesi kuwa na mizani dukani, kwa hiyo ukiomba kupimiwa huombi fadhila. Angalia pia kama mizani yenyewe ina stika ya Wakala wa Vipimo, ile taasisi ya serikali inayokagua mizani. Ya hapa Mwanjelwa inayo, imebandikwa mbele, na mwaka unasomeka.

Sasa nije kwenye siku iliyonifanya niwe mteja wao wa kudumu. Ilikuwa Julai, mnaijua Julai ya huku. Alfajiri moto ukawa mdogo, mafuta hayapati moto, maandazi yananyonya mafuta tu. Nikahesabu kuwa gesi imeisha, kulipokucha nikaupeleka mtungi. Kijana akaupima, ukasoma 8.2. Akaniambia, "Mama, humu bado ipo, kama grami mia nane hivi. Ukiniachia mimi inakwenda bure. Rudi nayo, pikia mchana." Akanirudishia mtungi wangu, hela yangu hakuigusa. Kwa bei ninayolipa, 24,000 kwa kilo sita, kilo moja ni 4,000. Ile gesi ilikuwa na thamani ya 3,200. Nilipika nayo mchana, kweli ikawaka, ikaivisha wali na mchuzi na bado ikabaki.

Ule mtungi haukuwa umechakachuliwa. Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na ndani ya mtungi imekaa kama maji kwa sababu ya mgandamizo. Ukifungua koki, yale maji yanageuka mvuke na mvuke ndio unaowaka. Propani huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, hiyo haisumbuliwi na Mbeya. Butani inachemkia karibu kabisa na sifuri, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi sita au saba inatoka kwa kujivuta. Na propani ndiyo inayotangulia kutoka kwa wingi, maana yake mtungi ukikaribia kuisha unabaki na butani nyingi, hiyohiyo mvivu wa baridi. Zaidi ya hapo, gesi inapogeuka mvuke inafyonza joto la mtungi wenyewe. Ndiyo maana ukipika mfululizo unaona umande umeshika chuma kwa nje, kuanzia chini hadi pale gesi ilipofikia. Mtungi mdogo uliobakiwa na gesi kidogo, juu ya sakafu ya saruji, alfajiri ya Julai, utakuambia umeisha na haujaisha.

Tangu siku hiyo nina mitungi miwili. Uliojaa unafanya kazi ya alfajiri, unaokaribia kuisha unapika mchana jua likiwa limetoka. Mtungi wa pili ni hela, najua, lakini si hela ya kutupa, unabaki kuwa wako.

Wapo wanaotatua baridi kwa njia zao na hapo ndipo ninapoogopa. Nimeona mtu anamwagia mtungi maji yanayochemka. Nimeona mtungi umesogezwa kwenye jiko la mkaa "upate joto". Jamani. Ukipata joto mgandamizo wa ndani unapanda, na mitungi mingi ina kizibo cha usalama kinachoachia gesi mgandamizo ukizidi; sasa fikiria kinaachia gesi hiyo huku mkaa unawaka pembeni. Moto ukiwa mdogo, subiri mchana.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala wanalaumiwa bure. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar. Yanatokota, mvuke unatoka, lakini maharage hayapati joto lile ambalo yangepata pwani. Dada yangu aliyeolewa Kigamboni anapika maharage ya kutoka hukuhuku Mbeya kwa muda mfupi kuliko mimi niliye karibu na shamba! Kwa hiyo loweka maharage na mahindi ya kande tangu jioni, na kama uwezo upo nunua sufuria la presha. Kwangu ndilo lililopunguza matumizi kuliko ujanja mwingine wowote. Ukishafanya hivyo na bado mtungi unakata mapema, hapo una haki ya kumshuku wakala, na mizani itasema.

Kuhusu usalama pale dukani. Kwanza wanakuonyesha sili, ile plastiki yenye nembo ya kampuni iliyobana koki. Wanaikata mbele yako. Kisha kijana anachukua kichupa cha maji ya sabuni, anatia matone kwenye koki, mnasubiri wote wawili mnatazama. Povu likitulia, sawa. Likianza kupumua vipovu, gesi inavuja. Safari moja lilipumua. Hakubishana wala hakuanza kukaza kwa koleo. Aliubeba ule mtungi akauweka nje, uani, mbali na mitungi mingine, akaniletea mwingine akaanza upya na mizani. Mara nyingi tatizo ni kile kipete cha mpira kilichomo ndani ya koki, kimechanika au hakipo kabisa. Ni kidude kidogo mno, lakini bila hicho hata ukaze namna gani gesi itapita.

Ninamlinganisha na yule wa zamani, ambaye siku moja nilipomwambia nasikia harufu, aliwasha njiti ya kiberiti akaipitisha kwenye koki. "Ingekuwa inavuja ungeona." Ningeona nini, jeneza? Sikurudi tena. Harufu ile ya kama kabichi iliyooza inawekwa makusudi, gesi yenyewe haina harufu. Ukiisikia, pua yako imeshafanya kazi yake, usiiongezee kiberiti.

Na jambo hili la kuvuja lina uzito wa pekee kwetu wa nyanda za juu, kwa sababu ya jinsi tunavyoishi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kutambaa sakafuni, inakaa chini ya kabati, chini ya kitanda kama jiko liko chumbani. Watu huichanganya na gesi ya Songosongo na Mnazi Bay. Ile ni methani, nyepesi kuliko hewa, na inakwenda zaidi kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Ya mitungi inaletwa kwa meli, inapakuliwa Dar na Tanga, halafu inatupandia kwa malori. Sasa sisi huku baridi ikikaza tunafunga madirisha, tunaziba hata uwazi wa chini ya mlango kwa kitenge. Pale chini ndipo gesi ingepata njia ya kutoka nje. Mimi mlango wa jiko nimeuachia uwazi chini kwa makusudi, baridi iingie tu, tutavaa masweta. Na jiko la mkaa la kuotea moto ndani ya nyumba iliyofungwa sitaki hata kulisikia, liwe karibu na mtungi au mbali nao. Moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

Ukiingia ndani ukakuta harufu, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Fungua milango na madirisha, funga koki kama unaifikia, toa watoto nje, simu piga ukiwa nje. Zimamoto ni 114. Hayo yule kijana wa dukani alinieleza siku ya kwanza, na amekuwa akiwaeleza wateja wapya wote ninaowakuta pale, kwa maneno yaleyale. Wengine wanamwona msumbufu.

Nimemuuliza pia kuhusu wale wanaokujazia mtungi mdogo kutoka kwenye mkubwa, maana zipo sehemu wanafanya, na unaweza kununua ya elfu tano au hata pungufu. Naelewa kwa nini watu wanakwenda. Si kila mtu ana 24,000 kwa mkupuo. Lakini hawa wanapindua mtungi mkubwa, wanaunganisha mpira, wanaachia gesi ya maji iingie kwenye mdogo kwa kukadiria. Kiwandani hawajazi mtungi hadi juu. Wanaacha nafasi, kama sehemu moja kati ya tano, kwa sababu gesi ya maji ikipata joto inatanuka. Mtungi uliojazwa pomoni kwenye baridi ya asubuhi, ukauweka juani saa saba, hauna pa kutanukia. Halafu wakati wa kuhamisha huwa inamwagika, na mama anayechoma mahindi yuko hatua chache tu. Duka halali halijazi chochote pale dukani. Unaacha mtupu, unaondoka na uliojazwa kiwandani, wenye sili. Kama hela haitoshi, mtungi wa kilo tatu ulio na sili ni bora mara mia.

Usafiri ndio sehemu ambayo duka hili bado sijaridhika nalo. Wanaleta hadi nyumbani, kwa bodaboda, na bodaboda wengi wanaulaza mtungi kwenye kiti nyuma, wanaufunga kwa mpira wa tairi. Mtungi unatakiwa usimame. Ukilala, gesi ya maji inakaa kwenye koki badala ya mvuke, na pakivuja hapo kinachotoka ni kingi zaidi. Nilimwambia mwenye duka, akakubali, lakini yule kijana wa pikipiki akifika kona ya kwanza anafanya anavyojua. Mimi siku hizi nachukua bajaji. Nausimamisha miguuni, pande zote zimefunguliwa, nalipa nauli yangu, na namwomba dereva asivute sigara. Wengi wanaitikia vizuri ukisema kwa heshima: "Kaka yangu, tuna gesi humu."

Nyumbani napima tena kwa sabuni nikishafunga, kwa sababu kuvuja kunaweza kuanzia kwenye kiungo chako na si kwenye mtungi wao. Ukiwa na mtungi mdogo unaofungwa kichwa cha jiko juu yake, hapo ndipo pa kutia povu. Maandazi yameshanipandisha hadi kwenye wa kilo kumi na tano, wenye regulata na mpira, na faida yake kwenye baridi nimeiona: gesi ni nyingi, chuma ni kikubwa, hakipoi haraka, na regulata inatoa moto wa kiasi kilekile. Mara ya mwisho nililipa 58,000. Ile mipira ya rangi ya chungwa inapasuka kadiri inavyozeeka. Ikunje kwa vidole, ukiona nyufa, badilisha, na funga kwa vibano vya chuma, si waya wa kufungia nyanya. Mpira usipite nyuma ya jiko linapowaka.

Bei yao si ya chini kuliko wengine. Kuna wakala Mafiati anauza pungufu ya hapo kidogo, na mwenzangu mmoja anajivunia kumpata. Nilimwomba aupime mtungi wake kwenye mizani ya duka langu. Hajaleta mpaka leo. Gesi ya huku itabaki juu ya ile ya Dar hata tulalamike namna gani, kwa sababu imesafiri zaidi ya kilomita 800 juu ya lori, na lori likikwama kwenye mlima Kitonga sisi ndio tunaosubiri. Serikali imejiwekea lengo kwamba hadi mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi. Nalipenda lengo hilo. Ila kwa mama wa kawaida wa Isanga anayenunua mkaa wa kopo kila siku, kikwazo ni kutoa hela yote kwa mara moja, na kikwazo cha pili ni hofu ya kuibiwa. Cha pili kingeondoka wiki hii kama kila wakala angekuwa na mizani.

Kasoro nyingine mbili. Hawapokei mtungi wa kila kampuni. Hapa mjini ipo ya Oryx, Taifa Gas, Lake na wengine, na kama wako si wa aina wanayouza watakupokea lakini utasubiri hadi wapate wa kubadilishana, au uongeze hela. Uliza kwa simu kabla hujabeba. Na mtungi wa kilo kumi na tano huwa unawaishia mwisho wa mwezi, watu wakishapata mishahara, wakati wa kilo sita upo umejaa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku bodaboda wao akifika kwangu na mtungi umesimama. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hawafungui hadi ibada ziishe, kwa hiyo ukiona moto unapungua Jumamosi jioni, wahi kabla hawajafunga, na uombe wapime kwanza huo ulionao.